Gari la Kambi la Mpiga Picha za Wanyamapori: Namna ya Kulipima

Gari la kambi la mpiga picha za wanyamapori ni vitu vitatu ndani ya bodi moja: chumba cha kulala, stoo ya maji na chakula, na dungu la kuvizia. Wanunuzi wengi hukagua kitanda kwanza, huuliza habari za stoo baadaye, na dungu hawalikumbuki mpaka siku palahala amesimama hatua thelathini kando ya njia na kioo cha dirisha kimegoma kushuka. Mpangilio wa haki ni kinyume chake. Usingizi hupatikana hata juu ya mkeka. Picha haipatikani ndani ya gari linalotikisika.

Huku kusini mwa Tanzania, wilaya za Masasi, Newala na Nanyumbu si jangwa. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, nayo inatosha kuotesha mikorosho, mbaazi na mihogo. Lakini kuanzia Juni hadi Oktoba nchi hubadilika sura. Miombo hupukutisha majani, moto hupita kwenye nyasi, na mito midogo kama Lukwika na Lumesule hunywea mpaka kubaki mchanga na madimbwi. Wanyama wa Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule hulazimika kusogea karibu na Mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake ni Msumbiji. Maadui wa mpiga picha katika miezi hiyo ni walewale wa jangwa la Chalbi kule kaskazini mwa Kenya: vumbi, joto na ukosefu wa maji. Gari linalofaa huku kiangazi litafaa na kule.

Sifa ya kwanza ya gari ni kunyamaza. Mnyama wa porini huvumilia umbo la gari kuliko anavyovumilia sauti zake, na hasa sauti zisizotabirika: sufuria inayogonga mlango wa kabati, mnyororo wa jeki juu ya keria, mlango usiofungika bila kubamizwa. Mnunuzi mjuzi hulisukuma gari kwa bega likiwa limepakiwa mizigo yote, injini imezimwa, kisha husikiliza. Kila mlio una chanzo chake, na fundi mzuri hukifunga kwa mpira, kipande cha blanketi au nati ya kujikaza. Fundi anayejibu kwamba ni kawaida ya gari aachwe na kawaida yake.

Kunyamaza kuna upande wa pili, nao ni kutulia. Lenzi ndefu hukuza mnyama na hukuza mtikisiko pia. Kipimo rahisi ni kikombe cha chai kilichojaa, kikawekwa juu ya dashibodi huku mtu wa nyuma akijigeuza kitandani. Chai ikimwagika, springi ni laini mno au mzigo umekaa juu mno. Ikicheza kidogo na kutulia mara moja, gari limefungwa vizuri. Injini lazima izimwe kabla ya kupiga picha, na kwa hiyo starta na betri ni vifaa vya upigaji picha sawasawa na kamera: gari ambalo mwenyewe anaogopa kulizima kwa hofu kwamba halitawaka tena halina thamani porini, hata likiwa na jiko la gesi lenye mafiga manne.

Dirisha linastahili kuchunguzwa kwa muda mrefu kuliko injini. Kioo kishuke chote, kisibakize robo juu. Vile vya kuteleza, kama vya nyuma ya Land Cruiser "mkonga", hufunguka nusu tu na humlazimisha mpiga picha kujipinda. Kingo ya chini iwe bapa na imara ili ibebe mfuko wa kuegemeza lenzi. Mfuko huo hujazwa nafaka au kunde, na Masasi hakuna haja ya kuagiza chochote kutoka mbali: mbaazi kavu zinatosha, zina uzito wa kadiri na hujikunja kufuata umbo la lenzi. Mchanga ni mzito na hupenya kwenye mshono mpaka ndani ya kamera. Mchele hualika panya.

Kuna ubishi kuhusu paa la kuinuliwa, lile la magari ya watalii. Paa hilo linapendeza, na kwa kundi kubwa la nyati linafaa, kwa kuwa safu za nyuma huonekana. Lakini picha iliyopigwa kutoka juu humfanya mnyama aonekane mdogo na humweka juu ya ardhi tupu, wakati ile ya usawa wa jicho lake humpa upeo wa macho na hadhi. Kwa sababu hiyo gari lililonyanyuliwa sana kwa springi ndefu na matairi makubwa ni hasara iliyojificha. Hupita korongo kwa urahisi na kurudi na picha za migongo.

Joto nalo huharibu picha kwa njia ambayo wengi huilaumu lenzi. Jua likishapanda, hewa iliyo karibu na ardhi hucheza kama mvuke juu ya chungu, na mnyama aliye mbali hupoteza ukali wa manyoya. Mwezi wa Julai jua la Masasi huchomoza mnamo saa moja kasorobo, Oktoba karibu saa kumi na mbili kamili, na ifikapo saa tatu picha za mbali zimekwisha. Boneti ya gari lililotoka kutembea hutoa mawimbi hayohayo, kwa hiyo lenzi isielekezwe juu yake. Kiyoyozi ni kosa jingine: hewa baridi ya ndani ikikutana na ya nje dirishani, picha hulegea. Gari la mpiga picha ni la madirisha wazi, na mwenye kutaka ubaridi asubiri saa sita, wakati hakuna cha kupiga.

Vumbi haliingii kwa nguvu zake. Gari likienda, nyuma yake hubaki pengo la hewa linalonyonya, na vumbi hufuata kila mwanya wa mlango wa nyuma. Ukaguzi hufanywa usiku: mtu mmoja huingia ndani na tochi kali, mwingine huzunguka nje akitafuta mahali mwanga unapotokeza. Kila nuru ni njia ya vumbi. Baada ya mipira ya milango kubadilishwa, kitambaa cheupe hutandikwa kitandani na gari hupelekwa kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati. Kinachoonekana kwenye kitambaa baada ya nusu saa ndicho kitakachoonekana kwenye kamera. Dereva mwenye uzoefu hufungua tundu la hewa la mbele na kufunga madirisha ya nyuma, ili hewa ya ndani isukume vumbi nje. Katika miezi ya kupulizia mikorosho salfa ya unga, gari lisiegeshwe kando ya shamba linalopuliziwa. Unga huo huwasha macho, na juu ya kioo cha lenzi haufutiki kwa kitambaa kikavu bila kukwaruza.

Juu ya uzito, historia ya huku ina somo. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na ya picha za sinema, vyote vikibebwa na wapagazi. Mzigo wa mpagazi zama hizo ulikuwa kama kilo 30, kwa hiyo kila kitu kilihesabiwa kabla ya safari. Gari limewaondolea watu hesabu hiyo. Lita 80 za maji ni kilo 80, na zikipandishwa kwenye keria pamoja na hema, madumu ya dizeli na gurudumu la akiba, gari huwa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani huku akikimbia. Maji yakae chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, katika matangi mawili tofauti, ili moja likipasuka yasimwagike yote. Lita kumi kwa mtu kwa siku ni kadiri ya kutosha kunywa, kupika na kunawa. Uwanda wa Makonde wenyewe hauna mito juu yake, na kwa vizazi vingi akina mama walishuka mabondeni kufuata maji. Anayepanda Newala na dumu tupu akitarajia kijito atakuwa amekosea nchi.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Betri ya kamera na friji iwe mbali na ile ya kuwashia gari. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 itumiwe nusu tu, la sivyo hufa mapema. Sola iwe ya kutandazwa chini, maana iliyopigiliwa juu ya paa hulazimisha gari kuegeshwa juani.

Kitanda, hatimaye. Hema la juu ya gari liwe la turubai la pamba; la nailoni hupigapiga kwa upepo usiku kucha, na ukingoni mwa uwanda, pale Newala panapoitwa Shimo la Mungu, upepo huo si wa mchezo. Rangi ya gari na hema isiwe buluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o, na mbung'o hufuata gari linalotembea kama wanavyomfuata ng'ombe. Khaki au rangi ya mchanga inatosha.

Gari bora huharibiwa na kambi mbaya. Kambi isiwekwe juu ya njia ya tembo kuelekea majini, wala ndani ya mto wa mchanga hata kama umekauka miezi mitatu. Isiwekwe kando kabisa ya dimbwi, kwa sababu wanyama watakaa na kiu mbali wakingoja wageni waondoke. Katika pori la akiba huhitajika kibali, na mahali pa kulala hupangwa na askari wa wanyamapori. Ubora wa kambi pia hutokana na kudumu mahali pamoja. Mpiga picha Hugo van Lawick, aliyefariki mwaka 2002, aliishi kwenye mahema ya Ndutu miaka mingi, na kazi yake ya Serengeti ilitokana na kukaa kuliko kuzunguka. Siku nne kwenye dimbwi moja huzaa zaidi ya siku nne za kukimbizana na habari za simba.

Hukumu ya mwisho hutolewa na picha zenyewe. Zikitandazwa mezani, masikio ya wanyama hueleza gari lilifikaje. Masikio yote yamesimama na macho yote yameelekea lenzi: gari lilifika kwa kelele. Kuro anayeendelea kunywa, ndama wa tembo akiwa chini ya tumbo la mama yake, mkia umelegea: gari lilikuwepo na halikuhesabiwa. Mpiga picha wa aina ya pili ndiye wa kuulizwa nani alimtengenezea gari.

Kabla ya malipo ya mwisho kwa fundi, gari lipakiwe kila kitu na lipelekwe Masasi hadi Newala, lipande mlima, lilale usiku mmoja ukingoni na kurudi. Asubuhi injini iwashwe ikiwa baridi, kitambaa cheupe kikaguliwe, kikombe cha chai kirudishwe dashibodini. Kasoro zote zirekebishwe hapohapo. Newala kuna gereji, Lukwika hakuna.