Nani Kamwambia Atoe Themostati?

Nianze na hukumu, maana gari lenyewe wengi mmeshaliona likiwa limefunuliwa boneti pale kandokando ya njia: themostati ya ile Land Cruiser ya wagonjwa haikupaswa kutolewa. Hapa Bujumbura, si Kanyosha, si Buyenzi, si mahali popote panapojiita gereji.

Kwa ambao hawakufuatilia tangu mwanzo, gari lililetwa gereji Kanyosha kwa sababu lilikuwa linachemsha likipanda kwenda Ijenda. Fundi akafungua nyumba ya themostati, akaitoa, akaitupa kwenye debe la vyuma chakavu, akafunga boliti zake na kujaza maji. Kisha akalijaribu kwenye barabara ya Rumonge, kandokando ya ziwa, hadi karibu na Kabezi na kurudi. Sindano ya joto haikufika hata robo. Dereva akafurahi: "Shefu, sasa linakwenda baridi kabisa!" Likarudi kazini. Safari ya kwanza ya mlimani, likipanda kumfuata mama mwenye uchungu, likachemsha chini zaidi ya pale lilipokuwa likichemshia kabla ya matengenezo. Mama akateremshwa mjini kwa pikapu ya kuazima.

Kazi nyingine za siku hiyo zilifanyika vizuri: breki, beringi za magurudumu ya mbele, jani la springi ya nyuma lililovunjika. Hongera zao. Turudi kwenye themostati.

Injini ni 1HZ, ile ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990 na ambayo ukanda huu wote tunakula mkate wake. Themostati yake ina sahani mbili, na hapa ndipo kesi nzima ilipo. Katikati kuna kikombe kidogo cha shaba chenye nta ndani. Maji yakiwa ya baridi, sahani ya juu imefunga njia ya kwenda kwenye rejeta, na maji yanazunguka kwa njia ya mkato: yanatoka kwenye hedi na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Maji yakipata moto, nta inavimba, inasukuma pini, sahani ya juu inafunguka. Kwa mwendo huohuo, sahani ya chini inashuka na kuziba ile njia ya mkato. Mlango mmoja unafunguka, mwingine unafungwa.

Ukiitoa, milango yote miwili inabaki wazi. Na maji ni mvivu, yanapenda njia fupi. Sehemu kubwa yake inarudi kwenye pampu ikiwa bado ya moto, bila kuiona rejeta kabisa, na inayopita kwenye rejeta ni ile iliyokosa nafasi. Kwenye barabara ya Rumonge, tambarare, gia ya tano, mguu mwepesi, hicho kinachopita kinatosha na kinasaza, kwa hiyo sindano inalala. Panda sasa kutoka Musaga, gia ya pili, mafuta hadi sakafuni, jua la saa nane, kiyoyozi cha nyuma kinafanya kazi. Injini inatoa joto mara kadhaa ya lile la tambarare, na nusu ya maji yako yanazunguka ndani yakijipasha yenyewe. Unategemea nini?

Jaribio lile la Kabezi, kwa hiyo, halikujaribu chochote. Malalamiko yalikuwa ya mlima, nawe unakwenda kujaribu ziwani! Kutoka Kanyosha mlima hauhitaji kutafutwa, uko mgongoni kwako. Ungepanda kilomita chache tu, gari lingekuambia ukweli bila kuwa na mgonjwa anayesubiri.

Najua utetezi, nimeusikia tangu Jumatatu: "Mbona kwenye teksi tunatoa na zinapona?" Zinapona kwa sababu teksi ya Bujumbura inashinda tambarare, kutoka Kanyosha hadi sokoni na kurudi, na kwa sababu injini nyingine zina themostati ya sahani moja, zisizo na njia ya mkato ya kuzibwa. Huyu fundi alijifunza kwenye teksi, akaleta somo la teksi kwenye gari la tani tatu linalopanda kutoka mita kama 800 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,000. Kule juu hata maji hayachemki kama ya huku. Ufukweni mwa Tanganyika sufuria iliyo wazi inachemka kwenye nyuzi kama 97. Ijenda inachemka kwenye 93 hivi. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa 0.9 juu yake, kinachobana maji hadi yaweze kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko kikilegea springi au kikipasuka mpira, gari linakuwa zima mjini na gonjwa mlimani. Je, kuna mtu aliyekikagua? Nilikishika mwenyewe baada ya gari kuvutwa: mpira wa chini umekauka na una ufa unaoingia ukucha.

Hapo ndipo kazi ilipopaswa kuanzia, kwenye kifuniko, kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Baada ya hapo, klachi ya feni: injini ikiwa ya moto, izime, sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa bila ubishi, mafuta ya silikoni yameshatoka ndani yake na feni haivuti hewa, inajizungusha tu. Baada ya feni, uwazi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, ambako ambulensi zetu zinafuga bustani: udongo mwekundu, mabawa ya panzi, mbegu za nyasi. Pale panaoshwa kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kinyume chake, maana kinyume chake unashindilia. Halafu fungua kifuniko injini ikiwa baridi, iwashe, angalia kama mapovu yanatoka mfululizo. Hayo yanakuambia habari za gasketi ya hedi.

Na ukiwa bado unaishuku themostati, basi ipime. Hakuna kipimo rahisi kama hiki katika ufundi wote wa magari. Sufuria ya maji juu ya jiko la makaa, themostati ifunge uzi uining'inize isiguse chini, tia kipimajoto cha maji. Nyuzi zake zimegongwa kwenye chuma chake chenyewe. Unaangalia inaanza kufunguka lini, kisha unaangalia imefunguka kiasi gani maji yakizidi moto. Isipofunguka, nunua nyingine. Ikifunguka sawasawa, irudishe na uiombe radhi. Nimeiokota ile ya kwenye debe la chuma chakavu nikaifanyia hivyo. Ilifunguka kwa nyuzi zilizoandikwa, taratibu, hadi mwisho, na ilipopoa ikafunga bila kuacha upenyo. Nzima kabisa! Walikitoa kifaa pekee kilichokuwa na afya kwenye mfumo mzima wa kupoza, wakaacha kifuniko chenye ufa.

Wasomaji wa safu hii mnajua ugomvi wangu na mafundi wa kutoa. Taa ya tahadhari ikiwaka, wanatoa balbu. Feni ikipiga kelele, wanatoa feni. Gasketi ikivuja, wanamimina silikoni ya tyubu hadi inaingia ndani ya njia za maji na kuziba rejeta mpya. Gari linaondoka kimya, mteja analipa, funika kombe mwanaharamu apite. Kwenye gari la kubebea mchanga nitanung'unika tu. Kwenye gari la wagonjwa sinyamazi.

Zaidi ya hayo, huo ubaridi waliousifu ni ugonjwa mwingine. Ambulensi haina muda wa kupasha injini. Simu inaita saa tisa usiku, ufunguo unazungushwa, dakika moja baadaye iko mbio. Bila themostati, injini ya dizeli inatembea nusu safari ikiwa baridi: mazutu haiungui vizuri, moshi unatoka, masizi yanaingia kwenye oili, silinda zinalika kabla ya wakati. Mazutu yenyewe tunajua tunavyoipata miaka hii, kwa foleni na kwa madumu. Halafu tuichome ovyo kwa sababu mtu aliona uvivu wa kuchemsha sufuria?

Wazee wa Buyenzi wasingefanya hivi. Hawa ndio waliotulea, kwenye zile Land Cruiser HJ75 za injini ya 2H, kabla ya 1HZ kuja na mkanda wake wa taimingi. 2H ilikuwa inaendeshwa kwa gia za chuma, hakuna mkanda wa kukatika, na wao walikuwa vivyo hivyo. Siwapambi; vifaa vilikosekana kwao pia, miaka ya vikwazo vya biashara baada ya 1996 hata themostati moja ilikuwa safari. Lakini mmoja wao, siku themostati ilipokufa kweli na mpya haipatikani, alichonga kizibo, akakitoboa tundu dogo, akakipigilia kwenye njia ya mkato ndipo akaitoa. Aliyajua maji yanapita wapi. Injini ilichelewa kupata moto asubuhi, lakini mlimani haikuchemsha, na mpya ilipofika kizibo kikatoka. Huyo alitoa kitu akijua anachokitoa.

Na kama mtu anadhani nakuza jambo, atazame hapo jirani, Kabezi. Kituo cha dharura za uzazi kilichoanzishwa na Médecins Sans Frontières mwaka 2006 kilikuwa na ambulensi zake za kuwafuata akina mama kwenye vituo vya afya vya wilaya, kwenye vilima hivihivi. Mwaka 2011 zilitoka mara 1,478. Nusu ya akina mama walifikishwa ndani ya dakika 78 tangu kituo kilipopiga simu, kwenda na kurudi ndani yake. Mfumo mzima uligharimu euro 85,586 kwa mwaka, kama euro 61 kwa kila mama mmoja. Sasa piga hesabu za fundi: injini iliyochemka inataka angalau nusu saa kabla hujathubutu kugusa kifuniko, halafu maji yatafutwe, yamiminwe kidogo kidogo usije ukapasua hedi. Dakika 78 zimekwisha na bado uko ubavuni mwa mlima.

Hedi ya hili letu imeshafunguliwa. Ufa uko kati ya vali za silinda ya tano, mwembamba, lakini unaonekana bila dawa ya rangi. Wanazungumzia kuichomelea. Naona hatua ya pili ya kosa lilelile inakuja: hedi ya 1HZ iliyopasuka ikichomelewa na mtu asiye na tanuri la kuipasha na kuipoza polepole, itapasuka tena pembeni ya weldi. Watafute nyingine, hata iliyotumika, ipimwe kwa presha kabla haijafungwa. Na waanze kwa kununua kifuniko.

Kuhusu zile taa nne za nyongeza zilizofungwa mbele ya grili hadi hewa inaomba ruhusa kupita, nitasema wiki ijayo, pamoja na waya wa taa ya maji kwenye chujio la mazutu, ambao nimeukuta umekatwa kwa koleo na kufungwa utepe mweusi, nadhifu kabisa.