Vijiti Vinne

Bibi yangu aliitwa Anna. Kwenye wasifu wake, ndani ya kijitabu cha ratiba ya mazishi, jina hilo lilitoka kama vijiti vinne. Kosa lilikuwa langu.

Nilichagua Bodoni ya italiki, fonti niliyoipenda tangu nianze masomo ya uzamili. Asili yake ni herufi za Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma, Italia, aliyefariki 1813. Uzuri wake uko katika tofauti ya mistari: mmoja mnene kama mhimili, mwingine mwembamba kama unywele, na baina yao karibu hakuna kitu. Ikiwa wima, inaonekana kali. Ikilazwa, ukali unapungua, herufi zinaonekana kutembea. Ndiyo maana inapendeza kwenye kadi za harusi.

Lakini unywele ule unataka karatasi laini, wino mzuri na nafasi ya kutosha. Mimi niliupa karatasi ya kawaida na mashine ya fotokopi ya steshenari, tena maandishi ya ukurasa mzima kwa saizi 9. Mistari myembamba ikapotea. Katika A kubwa, mguu wa kushoto na kijiti cha katikati ni vyembamba; katika N, miguu yote miwili. Viondoe, na ANNA inabaki mistari minne minene isiyoshikana.

Babu alikisogeza kijitabu karibu na macho, kisha akakipeleka mbali. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "hapa mmeandika nini?"

Wachoraji wa herufi wanalijua tatizo hili. ITC Bodoni, iliyotoka 1994, ilichorwa mara tatu: kwa saizi 6, 12 na 72. Ya 6 imeongezewa unene kwenye mistari myembamba ili isomeke ikiwa ndogo. Ya 72 ndiyo yenye unywele wenyewe. Mimi nilichukua nguo ya harusi nikaivaa shambani, kisha nikashangaa imechanika.

Wapo wanaosema fonti hii ni ya maringo tu. Sikubaliani nao. Ni fonti ya maneno machache yaliyopewa nafasi. Kwenye kadi ya harusi, majina ya bwana na bibi harusi yanaistahili. Namba ya simu ya kuthibitisha kuhudhuria haiistahili, kwa sababu hiyo lazima isomwe na shangazi aliyesahau miwani.

Kwa misa ya arobaini nilitengeneza kijitabu kingine. Bodoni niliibakiza kwenye jalada, kwa neno moja tu, kubwa, upana wa ukurasa: *Anna*. Wasifu niliuandika kwa fonti nene ya kawaida, isiyo na la kusifiwa.

Babu alipita kwenye jalada bila kusema kitu. Kisha akafungua ndani, akaanza kusoma kwa sauti.