Spika Alipima Tai, Hakupima Mshono

Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipowafungia wavaa kaunda suti mlango wa Bunge, alikosea, tena kwa kipimo cha ufundi wenyewe. Kanuni ilihesabu vitu: koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi, viatu. Koti limekaaje begani, haikuuliza.

Tai humsitiri fundi mvivu. Inaziba safu ya vifungo na kola isiyokutana. Kaunda suti haina pa kujificha: vifungo viko nje, na kimoja kikipotoka, kifua kinavimba mvaaji akiketi. Mifuko ya kulia na kushoto isipolingana, kila mtu anaona. Halafu kuna kwapa. Mbunge husimama, huketi, hunyoosha mkono. Kwapa likikatwa chini mno, koti zima linapanda naye hadi masikioni. Anayetafuta heshima ya vazi aanzie hapo. Spika aliishia shingoni.

Na koti analolitetea lilitoka wapi? Kwa Beau Brummell, mtanashati wa London wa enzi ya Regency, 1811 hadi 1820. Alitupa tarizi na poda ya nywele, akabaki na sufu ya rangi ya giza, kitani cheupe kilichotiwa wanga shingoni, na mkato. Sifa yake yote ilikuwa mkato. Sisi tumerithi cha shingoni, mkato tumeuacha.

Isitoshe, sufu ile ilikatwa kwa baridi ya kwao. Hapa Kilungu, Julai ukungu ukitanda Nunguni, koti zito nalikubali kwa moyo wote. Teremka Kibwezi nalo saa saba mchana! Kule kaunda suti ya mikono mifupi ndiyo akili.

Kaunda suti za Rais Ruto zimetulia mabegani, nampongeza fundi wake. Lakini Kenneth Kaunda mwenyewe, Nyerere na Jaramogi walivaa kola zilizokumbatia shingo bila kukunjamana, na hadi leo sijaona wa kuwafikia. Mafundi wa sasa wamezoea gundi. Nimelipigia kelele jambo hili miaka mingi na sinyamazi: badala ya kushona kanvasi kifuani kwa mkono, wanabandika kitambaa cha gundi kwa pasi ya moto, na baada ya kufuliwa mara chache kifua kinatoa malengelenge. Koti la namna hiyo, mradi lina tai, linaingia Bungeni bila kuulizwa.