Ufundi wa Kukanyaga

Msikilize mkimbiaji kabla hujamtazama. Yuko anayepiga lami kama mchi kwenye kinu, utamsikia tangu kona ya mbali. Yuko na mwingine ambaye atakupita begani ndipo ushtuke kwamba kumbe kulikuwa na mtu nyuma yako. Huenda wana uzito uleule na kasi ileile. Kinachowatenganisha ni ufundi, nao ndio ninaotaka kuusifu: ufundi wa kukanyaga. Watu husifu pumzi, husifu mapafu ya waliozaliwa milimani, husifu roho ngumu ya kilomita za mwisho. Kukanyaga hakusifiwi, labda kwa kuwa kila mmoja wetu anaamini alihitimu somo hilo alipoacha kutambaa.

Kukimbia ni kuruka na kutua, kuruka na kutua, maelfu ya mara katika asubuhi moja. Anayetua kwa kisigino, mguu ukiwa umenyooshwa mbali mbele ya mwili, hupokea kishindo cha ghafla: katika sehemu ya ishirini tu ya sekunde, ardhi humrudishia nguvu inayoweza kufika mara moja na nusu hadi mara tatu ya uzito wake. Soli nene hukipunguza makali kishindo hicho, lakini haikiondoi. Anayetua kwa sehemu ya mbele ya wayo hufanya jambo jingine kabisa. Kifundo cha mguu hulegea, kisigino hushuka baadaye na kwa adabu, kano ya kisigino huvutika ikiweka akiba ya nguvu, kisha huitoa akiba hiyo mguu unapoondoka. Kile kishindo cha kwanza karibu hakipo. Hakuna mtambo uliobuniwa hapo, ni mifupa 26, kano na misuli, kila kimoja kikijua zamu yake.

Maelezo haya yalipata umaarufu mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipochapisha vipimo vyao katika jarida la Nature. Miongoni mwa waliopimwa walikuwamo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya ambao hawakuwahi kuvaa viatu. Mwaka mmoja kabla, Christopher McDougall alikuwa ametoa kitabu chake Born to Run, na Wamarekani wengi walikuwa wamekwisha kuanza kuzitilia shaka raba zao. Ghafla viatu vyembamba, vingine vyenye chumba cha kila kidole, vikawa bidhaa ya kugombaniwa. Mtu wa kwetu aliyepigania miaka mingi kupata jozi ya kwanza ya viatu ana haki ya kucheka kidogo: kuna watu walikuwa wanalipa dola nyingi ili wajisikie kama hawajavaa kitu.

Lakini elimu ya nyayo haikuishia hapo. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima Wadaasanach 38, watu wa kaskazini mwa Kenya ambao hukua bila viatu. Kwa mwendo wao wa kawaida wa masafa marefu, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi, visigino vikapungua. Wadaasanach hawakuwa wamesoma kitabu chochote kinachowaambia mtu wa asili hukanyaga vipi. Walikanyaga kadiri mwendo na ardhi vilivyowaruhusu. Napenda sana matokeo hayo, kwa sababu yanawaharibia wahubiri wa pande zote mbili.

Yanatuachia pia swali zuri zaidi. Kuuliza ni sehemu gani ya wayo inayogusa kwanza hakutoshi, ni lazima kuuliza wayo wote unaangukia wapi. Mguu ukitua mbali mbele ya goti, unakuwa breki, na breki hiyo huliwa na goti na nyonga hata kama umevaa godoro. Ukitua karibu na chini ya mwili, goti likiwa limekunjwa kidogo, mambo hupoa. Watafiti wa Wisconsin walionyesha mwaka 2011 kwamba mkimbiaji akiongeza idadi ya hatua zake kwa asilimia tano hadi kumi, kasi ikibaki ileile, mzigo wa goti hupungua. Hatua fupi, nyingi, basi. Kwa macho ya mtazamaji inaonekana kama uvivu. Kijana anayetaka kusifiwa uwanjani hurusha miguu mbele kama anayetaka kuumeza uwanja, na hakuna anayemwambia kuwa anajipiga breki mwenyewe.

Kiatu kinaingia wapi? Raba za kawaida za miaka mingi zilijengwa kisigino kikiwa juu ya vidole kwa takriban milimita kumi, na kisigino kilichoinuliwa hivyo hugusa ardhi mapema, mtu atake asitake. Kiatu chembamba hukiweka chini, hukipa kidole gumba nafasi ya kutanuka, kisha hukuacha usikie. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Ukikanyaga vibaya kinakwambia papo hapo, wakati soli nene hungoja hadi goti liseme baada ya miezi.

Mafundi wetu wa katambuga wamekuwa wakikata soli za namna hiyo bila kujua kwamba wamo katika mjadala. Mtazame mmoja sokoni Umasaini: tairi kuukuu kati ya magoti, kisu kinachochovywa majini ili kiteleze ndani ya mpira, jicho likipima wayo wa mteja bila rula. Kisigino na vidole hukaa kimo kimoja. Ni kiatu kizito, tena kigumu, na simshauri mtu akivae kwenye marathoni, ingawa huko Mexico Wararámuri nao hukata soli za makubazi yao kwenye matairi. Victoriano Churro, mmoja wao, alishinda kwa makubazi hayo mbio za maili 100 za Leadville, Colorado, mwaka 1993, katika milima inayozidi mita 3,000. Alikuwa na miaka 55. Anayedhani tairi ndilo lililoshinda ajaribu kulivaa.

Na anayedhani wembamba ndio siri amtazame Eliud Kipchoge jijini Vienna, Oktoba 2019, akimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 juu ya soli nene yenye bamba la kaboni. Miezi michache baadaye shirikisho la riadha la dunia liliweka kikomo cha milimita 40 kwa unene wa soli za barabarani. Ukiitazama picha ya mbio zile na kuyafunika maandishi yote, miguu bado inatua chini ya mwili wake, hatua baada ya hatua, mabega yamelala. Ufundi alikuja nao.

Kasoro ya wauzaji wa viatu vyembamba ilikuwa kuahidi kwamba mzigo utatoweka. Mzigo hautoweki, unahama. Ukiutoa gotini unaupeleka kwenye shavu la mguu, kano ya kisigino na mifupa mirefu ya wayo, na wenyeji hao wapya hawakuwa wamejiandaa. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwahamishia wakimbiaji kwenye viatu vya vidole vitano kwa wiki kumi, na zaidi ya nusu yao walionekana na uvimbe ndani ya mifupa ya miguu. Mwaka uliofuata kampuni ya Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyohusu madai ya manufaa ya viatu vyake hivyo vya vidole, bila kukiri kosa.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza aanze kwa kutembea na viatu vyembamba nyumbani, kisha dakika chache kwenye nyasi mwishoni mwa mazoezi yake ya kawaida, na raba za zamani asizigawe. Asimame kwenye ngazi, ainue na kushusha visigino polepole, kila siku, kwa kuwa msuli huzoea ndani ya wiki chache na kano huchukua miezi. Shavu la mguu litauma. Maumivu yaliyotawanyika, yanayopungua siku ya tatu, ni ada ya shule. Maumivu ya nukta moja juu ya wayo, ambayo ukiibonyeza kwa kidole unaruka, huenda ni ya ufa mdogo kwenye mfupa. Hapo acha kukimbia umwone daktari, na ukipigwa eksirei wiki ya kwanza ikaonekana safi, usiichukue kuwa ruhusa ya kurudi barabarani, kwani ufa mdogo wa aina hiyo mara nyingi hauonekani mapema hivyo.