Pilipili Inaingia Lini Kwenye Mchuzi?

Chumvi ikipungua mtu ataongeza mezani, na ndimu vivyo hivyo. Mchuzi ukiwa mwepesi unarudishwa jikoni ukauke. Pilipili ikizidi, hakuna pa kuirudisha. Kapsaisini, kemikali inayowasha, haiondoki na mvuke wala haivunjiki kirahisi kwa moto wa kuchemsha. Acha sufuria jikoni saa nzima, utapunguza maji tu na ukali uzidi kukolea. Kwa hiyo katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu, bibi asiyepatana na pilipili, na baba ambaye wali haushuki mpaka atokwe jasho, mpishi anayejua kazi yake hahangaiki sana na hesabu ya pilipili. Anaangalia zinaingia wakati gani, na zikiwa nzima au zimekatwa.

Hesabu yenyewe inadanganya. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali: dondoo la pilipili linazimuliwa kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasisikie tena mwasho. Pilipili hoho hupata sifuri. Pilipili mbuzi ni jamii moja na habanero, na jamii hiyo huwekwa kati ya 100,000 na 350,000. Maana yake ni kwamba pilipili mbili zilizotoka fungu moja sokoni, rangi moja na ukubwa mmoja, moja inaweza kuwa kali mara tatu ya mwenzake. Maelekezo ya mapishi yanayosema "pilipili mbuzi mbili" hayajasema kitu.

Tuchukue mchuzi wa samaki wa nazi, ule wa kila siku wa pwani: kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya, bizari ya manjano, tui jepesi, samaki, kisha tui zito na ndimu mwishoni. Pilipili inaweza kuingia sehemu tatu, na kila sehemu inaleta chakula tofauti.

Ya kwanza ni kwenye mafuta, pamoja na kitunguu. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji kwa shida sana. Pilipili iliyokatwa ikikaangwa mwanzoni, mafuta hubeba ukali wote na kuusambaza hadi ndani ya samaki na viazi. Utamu wake haukanushiki: mwasho unakuwa wa mviringo, unapanda taratibu, haukuchomi ncha ya ulimi. Lakini hapo uamuzi umeshafanyika kwa niaba ya nyumba nzima, na mtoto atakula wali mkavu.

Ya pili ndiyo ufundi wenyewe. Pilipili mbuzi huwekwa nzima, na kikonyo chake, juu ya mchuzi uliokwisha chemka na tui jepesi. Hapa inafaa kujua ukali unakaa wapi. Wengi hutoa mbegu wakadhani wamemaliza kazi. Kapsaisini hutengenezwa hasa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu. Mbegu zenyewe zinawasha kwa kuwa zimeguswa na utando huo. Ile harufu nzuri inayofanana na ya tunda, ambayo ndiyo sababu ya watu wa pwani kuipenda pilipili mbuzi kuliko pilipili kichaa, imo kwenye nyama ya nje pia. Pilipili isiyopasuka inatoa harufu na kubaki na sehemu kubwa ya ukali wake ndani. Mchuzi unanukia pilipili, na mtoto anakula.

Masharti yake ni madogo lakini hayasameheki. Ngozi iwe ngumu, bila ufa wala tundu la mdudu. Kikonyo kisikatwe, maana palipokatwa pameshakuwa mlango. Ikishaingia, mwiko unawekwa kando. Sufuria inashikwa ukingoni kwa kitambaa na kuzungushwa kidogo, jambo ambalo mpishi angelifanya vyovyote ili samaki wasivunjike. Moto uwe wa kutokota tu. Ngozi ikianza kulegea na kupoteza mng'ao, muda wake umekwisha: itolewe kwa kijiko, iwekwe kwenye kisahani, ndipo tui zito liingie. Tui zito lina mafuta mengi, na pilipili ikipasukia humo hakuna kona ya sufuria itakayosalimika. Hata hivyo mafuta hayohayo yanaushika mwasho usifike ulimini wote kwa mkupuo. Pilipili ileile moja ikipasuka kwenye samaki wa chukuchuku, ambaye ni maji, ndimu na chumvi, utaijua zaidi.

Ile ya kwenye kisahani haitupwi. Anayetaka anaiminya kwa chumvi na ndimu, anachovya.

Sehemu ya tatu ni mezani, na huko mapishi ya pwani yalishajipanga zamani. Pilau ni mfano mzuri. Mchele hunywa kila kilichomo kwenye supu, kwa hiyo haiwezekani kumtenga mtu baada ya kupika. Basi ndani yake wengi hutia bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, na ule ukali wa kutoa machozi unasubiri kwenye kachumbari. Muuza urojo wa Zanzibar naye anajenga bakuli moja moja: ule uji wa manjano wenye uchachu ni wa wote, pilipili na chatne vinaingia kwa kuulizwa. Hakuna mteja anayelalamika kwamba jirani yake amemharibia.

Nina ugomvi kidogo na pilipili ya mezani, hasa ile ya chupa. Siki yake inaugeuza mchuzi wa nazi kuwa kitu kingine, na ukali unabaki ukielea juu ya chakula bila kuingia. Wapenda pilipili wanaponung'unika kwamba "hii haikupikwa nayo", wana haki. Dawa yao ni pilipili ya kukaanga: pilipili na thomu zilizosagwa, zikakaangwa kwa moto mdogo kwenye mafuta mengi kiasi pamoja na chumvi, zikahifadhiwa kwenye chupa safi ndani ya friji. Kijiko kimoja kikikorogwa kwenye kibakuli cha mchuzi ungali wa moto, mafuta yanakutana na mafuta, na mtu anapata karibu ule mwasho wa mviringo wa njia ya kwanza bila kumhusisha mtu mwingine.

Moto wa chakula nao una kauli yake. Kipokezi cha mwilini kinachoitikia kapsaisini, kile kilichomfikisha David Julius kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ndicho kinachoitikia joto linapofika kama nyuzi 43. Mchuzi unaotoka jikoni ukifuka unawasha kuliko huohuo ukishapoa. Kumpozea mtoto chakula ni kumpunguzia pilipili pia. Na mpishi aliyeonja mara kwa mara, akiwa mzoefu wa pilipili tangu utotoni, asitumie ulimi wake kumpimia mtoto. Amwite asiyekula pilipili aonje.

Ikishatokea imepasuka? Ongeza tui, ongeza viazi, ongeza nyanya. Kinachofanyika ni kuzimua, hakuna kinachofutwa. Sukari kidogo inasaidia kidogo. Ndimu haisaidii kitu. Aliyeungua mdomo asipewe maji, yataueneza tu. Apewe maziwa au mtindi, kwa sababu protini ya maziwa huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini.

Kwa wanaokula kwenye sinia moja, mpangilio ni rahisi kuliko unavyodhaniwa, kwani adabu ya kula upande wako inafanya nusu ya kazi. Mchuzi usio mkali unamwagwa katikati, kibakuli cha pilipili kinakaa mbele ya wakubwa, na mtoto anakaa upande wa bibi. Chakula kikibaki, hakikisha hakuna pilipili nzima iliyosahaulika chini ya samaki. Itaendelea kulegea usiku kucha na kupasuka ikipashwa moto asubuhi, na kiporo hicho mara nyingi anayekiwahi ni anayekwenda shule.