Swichi ya Funguo

"Inazima kwenye mashimo," mzee alisema, "na taa zinazimika nayo papo hapo."

Fundi hakushika spana. Aliuliza: ikizima, inakohoa kwanza au inakata ghafla? Inakata ghafla. Na ukiichezea funguo? Mara nyingine inarudi. Injini iliyoishiwa petroli huhangaika kabla ya kufa. Iliyokatwa umeme haiagi. Hilo aliligundua akiwa bado amekaa kwenye kigoda chake.

Pikipiki ni 125 ya zamani, ya muundo ambao Honda waliutoa mwaka 1976 kwa jina la CG125 na viwanda vingi vikauiga. Ilikuwa imeshuka hadi Morogoro mjini kutoka Mgeta, na tope la Uluguru limekaukia kwenye madgadi.

Alifungua plagi, akairudisha kwenye kofia yake, akailaza juu ya kichwa cha injini, akapiga kiki. Cheche ya buluu, kavu. Akageuza usukani kushoto, kulia, akipiga kiki kila mara. Cheche ipo. Basi nyaya zinazopita shingoni mwa usukani ni nzima. Kisha akaisukuma funguo kwa ncha ya kidole, kidogo tu. Cheche ikapotea.

Wengi hudhani funguo ndiyo inayopeleka umeme kwenye plagi. Katika pikipiki za namna hii, zenye mfumo wa cheche uitwao CDI, umeme huo unatoka kwenye sumaku inayozunguka na injini, na kazi ya swichi ni kuuzuia. Ukizima, waya nyeusi yenye mstari mweupe inaungana na ya kijani, yaani hasi, na moto wote unamezwa na bodi. Ukiwasha, hizo mbili zinaachana, na nyekundu ya betri inakutana na nyeusi inayolisha taa na honi.

Kwa hiyo alitoa taa ya mbele, akaichomoa ile ya mstari mweupe kwenye soketi, akapiga kiki huku akiitikisa funguo. Cheche haikukatika tena. Hapo ndipo mafundi wengi huishia: waya inaachwa imechomolewa, mteja analipa, na kuanzia siku hiyo pikipiki inawaka kwa yeyote anayejua kupiga kiki. Yeye alichukua mita. Funguo ikiwa imewashwa, ile ya mstari mweupe na ya kijani zinatakiwa zikae kimya. Akaigusa funguo, mita ikalia. Nyekundu na nyeusi zilizotakiwa kulia zikanyamaza.

"Mzee, nje imewaka, ndani imeshaanza kuzima," alisema.

Alifungua bolti mbili, akaishusha swichi, akatandika kitambaa cheupe juu ya benchi. Kitambaa kile kilinifurahisha kuliko vyote. Alibonyeza kikucha cha plastiki kwa bisibisi nyembamba, kiganja kingine kimefunika kama mtu aliyemshika panzi, na springi tatu ndogo kama punje za mchele zikabaki pale pale kitambaani. Akazihesabu kwa sauti.

Ndani, shaba ilikuwa nyeusi, na pembeni kutu ya kijani. Vikucha viwili kati ya vitatu vimevunjika; kila shimo la barabara lilikuwa linaizungusha sahani ya shaba kuelekea upande wa kuzima. Alisugua kwa mswaki uliochovywa petroli, kisha msasa laini, mikwaruzo michache tu, kwa sababu shaba hiyo ni nyembamba na ikilika hairudi. Grisi aliipaka kwa njiti ya kiberiti. Kwenye plastiki akatoboa matundu kwa sindano ya moto, akapitisha waya mwembamba, akausokota kwa praya hadi sahani ikakaa bila kucheza.

Mita tena, kabla ya kurudisha chochote. Kimya palipotakiwa kimya, mlio palipotakiwa mlio.

Ilipowaka kwa kiki ya pili, hakunyanyuka. Aligonga swichi kwa mpini wa bisibisi, juu, chini, pande zote, sikio limeinama. Mngurumo haukubadilika. Akasimama kando, akafuta mikono.

"Sasa izime wewe, mzee."

Mzee akazungusha funguo. Injini ikanyamaza.