Kiatu Kwenye Sahani: Njaa na Dhahabu Katika Sanaa ya Charlie Chaplin

Mwaka 1925 Charlie Chaplin alitoa The Gold Rush, filamu isiyo na sauti kuhusu maskini mmoja mwenye kofia ya duara na fimbo, anayefuata dhahabu kwenye theluji ya Klondike. Miaka miwili baadaye mji wa Mbeya ulianza kujengwa, nao ulikuzwa na dhahabu: ile ya Lupa, upande wa Chunya. Kwa hiyo kisa cha filamu hii si kigeni Nyanda za Juu Kusini. Kuacha kwenu, kulala kwenye kibanda kinachopitisha upepo, kushinda na njaa huku ukijipa moyo kwamba kesho mwamba utatoa: hayo mchimbaji mdogo wa Chunya hahitaji kusimuliwa. Kinachotaka maelezo ni ufundi. Imewezekanaje njaa, jambo lisilo na mzaha, ituchekeshe bila mwenye njaa kudhihakiwa? Naamini siri imo kwenye umbo la filamu yenyewe: mwili unaokichukulia kitu kwa dhati kabisa, na kamera inayokubali kutulia ili tuutazame.

Tuanze na tukio la kiatu. Charlie, yule maskini anayeigizwa na Chaplin mwenyewe, na Big Jim, pandikizi la mtu linaloigizwa na Mack Swain, wamezingirwa na tufani ndani ya kibanda. Ni Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Wamarekani hula wakashiba, na wao hawana kitu. Sufuria inachemka. Charlie anachoma kwa uma kuona kama chakula kimeiva, anakiopoa, na kumbe ni kiatu chake mwenyewe. Anakimwagia maji ya sufuria kama mchuzi. Kisha anaitenga soli na ngozi ya juu, taratibu, kama mpishi anayetoa mnofu wa samaki kwenye miiba. Big Jim anazikagua sahani mbili, anazibadilisha, anajitwalia ngozi. Charlie anabaki na soli yenye misumari, na hatoi neno. Anazungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi, ananyonya misumari kana kwamba ni mifupa ya kuku.

Angalia kwanza kile asichokifanya. Hatutazami sisi watazamaji kutuomba kicheko. Hakunji uso. Mikono yake ina adabu zote za mtu aliyekaribishwa mezani kwa heshima. Mkabala naye, Big Jim anatafuna kwa tabu, na uso wake unasema wazi kwamba hii ni ngozi ya kiatu. Kicheko chetu kinazaliwa kati ya nyuso hizo mbili. Mmoja anaonja ukweli, mwingine ameamua kwamba utu wake hautavunjwa na ukweli huo. Tukimwondoa Big Jim, tutabaki na kiroja tu. Tukimwondoa Charlie, tutabaki na msiba.

Angalia pia kule kubadilishana sahani. Ni kitendo kifupi sana, lakini ndani yake kuna maelezo kamili ya mamlaka. Hata kiatu kinapokuwa chakula, kuna kipande cha mkubwa na kipande cha mdogo. Maandishi ya kwenye pazia yangehitaji sentensi kadhaa kulieleza jambo hilo. Hapa limeelezwa kwa mikono miwili na sahani mbili. Na ndiyo maana kamera imewekwa mbele ya meza, mahali panapotuonyesha nyuso, mikono na vyakula kwa pamoja. Hata inaposogea karibu, inasogea ili tumwone mlaji vizuri zaidi. Haisogei ili kutusukuma tucheke.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita. Kiatu kikishaliwa, hakirudi. Kuanzia hapo mguu mmoja wa Charlie unafungwa matambara, naye anaingia hivyo hivyo kwenye ukumbi wa dansi wa mji wa wachimbaji. Anasimama akiwa ametupa mgongo, kivuli cheusi chenye kofia na fimbo, wenzake wakicheza mbele yake kwenye mwanga. Kichekesho cha kawaida husahau gharama yake mara tu watu wanapomaliza kucheka. Hiki kinaikumbuka kwa kila hatua. Aliyekibuni alijua anachokisema: Chaplin, aliyezaliwa London mwaka 1889, alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya Lambeth akiwa na umri wa miaka saba, mama yake aliposhindwa kumlea. Kufikia 1916 alikuwa akilipwa na kampuni ya Mutual dola 10,000 kwa wiki, lakini mwili wake haukuisahau njaa, na ujuzi huo ndio aliouingiza kwenye sanaa.

Umbo hili linatusaidia pia kukosoa nadharia moja iliyotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers. Yeye aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha za polepole, zisizo na hila za kamera, la sivyo atachanganyikiwa. Filamu za kitengo hicho mara nyingi hazikuwa na sauti, na mkalimani alisimama na kipaza sauti kuwaeleza watu wanachokiona. Lakini magari ya sinema yaliyozunguka kwenye makoloni yalibeba pia vichekesho vya Chaplin, na watu waliangua kicheko. The Gold Rush yenyewe ina hila ya wazi: Big Jim, akiwa amelewa njaa, anamwona Charlie akigeuka kuku mkubwa. Picha ya mtu inayeyuka na ya kuku inashika nafasi yake palepale. Chaplin alivaa vazi la kuku yeye mwenyewe, kwa hiyo kuku yule anatembea kwa mwendo wa Charlie. Hila inaeleweka kwa sababu mwili umeshatufundisha kuisoma. Tatizo halikuwa akili ya mtazamaji wa Kiafrika. Tatizo lilikuwa filamu zilizomdharau.

Filamu ina udhaifu wake. Mapenzi ya Charlie na Georgia, msichana wa ukumbi wa dansi, yameandikwa kwa wepesi, na utajiri wa mwishoni unakuja ghafla mno kwa filamu iliyoitazama njaa kwa makini namna ile. Lakini kosa kubwa Chaplin alilifanya baadaye. Mwaka 1942 aliitoa upya, akaondoa maandishi ya kwenye pazia, akaweka muziki na sauti yake mwenyewe ikisimulia kila kinachotokea, na akakata busu la mwisho. Tazama matoleo yote mawili utaona hasara. Katika lile la 1925, macho yako ndiyo yanayofanya kazi ya kugundua. Katika lile la 1942, sauti inakuwahi na kukuambia kilichomo moyoni mwa Charlie kabla mwili wake haujakuonyesha. Msanii mkubwa alijigeuza mkalimani wa kazi yake mwenyewe, kazi ambayo haikuhitaji mkalimani. Toleo la 1925 ndilo sanaa kamili.

Nayasema haya kwa sababu ya vijana wanaorekodi vichekesho kwa simu, kuanzia Mwanjelwa, Mbeya, hadi Kihesa, Iringa. Vipaji vipo, na baadhi yao wana miili inayojua kusema. Lakini klipu nyingi zinaua kipaji hicho: picha inakatwa kila baada ya sekunde chache, kicheko cha kurekodiwa kinawekwa kabla mtazamaji hajapata cha kucheka, maneno yanapita chini ya skrini kueleza kilichoonekana tayari. Anayefanya hivyo anaishi na dhana ileile ya Sellers, kwamba mtazamaji wake haelewi.

Kwa hiyo nawaomba: itafuteni The Gold Rush ya 1925, muitazame bila kuiruka. Kisha wekeni simu mahali pamoja, mwili wote uonekane. Chagueni kitu kimoja kinachojulikana kwenu, iwe ndoo, jembe au kiatu, mkitendee kwa dhati hadi mwisho. Ondoeni kicheko cha kurekodiwa. Watu wa Mbeya na Iringa wana macho, na watacheka wenyewe.